Mary McLeod Bethune: Mama Aliyeanza Shule kwa Dola Moja na Nusu



Katika toleo hili naomba niwasimulie maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1955. Jina lake ni Mary McLeod Bethune. Wengi wetu hatukusikia habari zake tulipokuwa shuleni kule nyumbani. Nimemchagua kwa sababu mwaka huu wazazi wengi wamenijia na swali moja: kuna faida gani kumsomesha mtoto, hasa wa kike, wakati hatujui kesho tutalala wapi? Na nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa mkimbizi anatosheka na elimu kidogo? Mama huyu aliishi na maswali hayo mawili tangu utoto hadi uzee.

Mtoto wa watu waliokuwa watumwa

Mary alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na mji mdogo wa Mayesville, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Samuel na Patsy McLeod, walikuwa watumwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865. Walizaa watoto 17, naye Mary alikuwa wa kumi na tano. Alikuwa miongoni mwa wachache katika familia waliozaliwa huru. Baada ya uhuru wazazi walifanya kazi kwa jasho, wakapata shamba dogo la kwao wenyewe, wakalima pamba. Lakini hakuna aliyejua kusoma.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya, wapendwa. Ilikuwa sheria. Tangu mwaka 1740 jimbo lile lilikataza mtumwa kufundishwa kuandika, na mwaka 1834 likakataza hata kumfundisha kusoma. Wenye watumwa walijua kwamba anayesoma huanza kuuliza. Basi utumwa ulipokwisha, watu walitoka mikono mitupu na vichwa vilivyofungwa kwa makusudi. Kisha wakaambiwa kwamba hawana akili.

Mary akiwa mtoto alimfuata mama yake kwenye nyumba ya wazungu alikokuwa akipeleka nguo alizofua. Aliona kitabu, akakishika. Mtoto wa nyumba ile akamwambia akiweke chini, kwa kuwa yeye hawezi kusoma. Alisimulia habari hiyo maisha yake yote. Siku ile alielewa kwamba tofauti kati yake na yule mtoto ilikuwa katika kile kitabu, na akaazimu kujua kusoma.

Nafasi moja tu

Mary alipofika umri wa miaka kumi hivi, Kanisa la Presbyterian lilikuwa limeanzisha shule ya chumba kimoja kwa watoto weusi pale Mayesville. Mwalimu alikuwa dada mweusi aliyeitwa Emma Wilson. Familia ya McLeod ilihitaji kila mkono shambani. Wangeweza kumwachilia mtoto mmoja tu aende shule. Walimchagua Mary, mtoto wa kike.

Alitembea kama kilomita 8 kwenda na 8 kurudi. Jioni aliwafundisha wazazi na ndugu zake yale aliyojifunza mchana. Alipojua hesabu, alisaidia watu wazima kujua uzito wa pamba yao na bei waliyostahili, maana wengi walikuwa wakipunjwa kwenye mizani. Kwa namna hiyo nyumba nzima na majirani walisoma kupitia mtoto mmoja.

Hapa nami sina budi kukiri. Mwaka wetu wa pili katika makazi haya nilikuwa na pesa za sare na madaftari ya mtoto mmoja. Nilimpeleka mvulana. Binti yangu, aliyekuwa na akili zaidi darasani, nilimwacha abaki na mama yake kuteka maji na kulea mdogo. Nilijiambia ni kwa muda tu. Muda huo ukawa miaka mitatu. Mimi mchungaji, niliyesomeshwa chuo cha Biblia kwa michango ya waumini, nilifanya hivyo. Mzee Samuel McLeod, ambaye hakujua hata herufi moja, aliona mbali kuliko mimi.

Mshonaji wa Denver

Mary alipomaliza shule ile ndogo hapakuwa na mahali pa kuendelea. Ndipo msaada ukatoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Katika mji wa Denver, mbali sana magharibi, kulikuwa na mama mmoja mzungu, fundi wa kushona nguo, jina lake Mary Crissman. Hakuwa tajiri. Alitenga sehemu ya kipato chake ili kumsomesha msichana mmoja mweusi. Mwalimu Wilson alimpendekeza Mary. Mwaka 1888 akapanda treni kwenda Scotia Seminary, katika mji wa Concord, North Carolina, na majirani wakaacha mashamba wakamsindikiza hadi stesheni. Kule aliona kwa mara ya kwanza walimu weupe na weusi wakifanya kazi pamoja. Alimaliza mwaka 1894.

Shauku yake ilikuwa kuwa mmisionari Afrika. Akaenda Chicago kwenye chuo cha Biblia kilichoanzishwa na mhubiri Dwight Moody, akasoma mwaka mmoja. Kisha akaiandikia bodi ya misheni ya kanisa lake. Jibu lilikuwa kwamba hakuna nafasi kwa wamisionari weusi Afrika. Fikirini jambo hilo. Kanisa lilituma watu kwenda kuwahubiria Waafrika, lakini binti mwenye asili ya Afrika, mwenye wito na cheti, alinyimwa kwa sababu ya rangi yake. Baadaye alisema kwamba hilo lilikuwa mojawapo ya majonzi makubwa ya maisha yake.

Hakuliacha kanisa wala hakukaa kulia. Alikwenda kufundisha Augusta, Georgia, katika shule ya Lucy Laney, mama mweusi aliyekuwa ameanzisha shule yake mwenyewe. Pale aliona kwamba watoto wa Kiafrika waliohitaji mwalimu walikuwa hapo hapo alipo. Mwaka 1898 aliolewa na Albertus Bethune, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Albert. Wakahamia Florida. Ndoa haikudumu, mume aliondoka mwaka 1907 akarudi kwao, naye akabeba mzigo peke yake. Nawaandikia haya akina mama mnaolea watoto bila waume zenu.

Masanduku, makaa na viazi vitamu

Wakati huo reli ilikuwa ikijengwa kando ya pwani ya Florida, na wafanyakazi weusi walikuja na familia zao pale Daytona. Watoto wao walizurura bila masomo. Tarehe 3 Oktoba 1904 Mary Bethune alifungua shule katika nyumba ya kupanga, kodi yake dola 11 kwa mwezi. Mfukoni alikuwa na dola moja na senti 50. Wanafunzi walikuwa wasichana watano, pamoja na mwanawe Albert.

Madawati yalikuwa masanduku ya mbao. Kalamu zilikuwa vijiti vilivyochomwa vikawa makaa. Wino ulitoka kwenye matunda ya porini yaliyokamuliwa. Alipita kwenye majalala ya hoteli akiokota vyombo vilivyovunjika, viti na taa, akavitengeneza. Usiku yeye na wanafunzi walioka keki za viazi vitamu, wakawauzia wafanyakazi wa reli. Kwa pesa hizo alitoa malipo ya kwanza, dola 5, kununua kiwanja kilichokuwa jalala la mji. Mwaka 1907 jengo la kwanza lilisimama pale, akaliita Jumba la Imani.

Alikuwa hodari wa kuomba msaada bila kujidhili. Alimwalika James Gamble, tajiri wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble, aje kuona shule. Mzee yule alipofika alikuta kijumba na masanduku, akauliza iko wapi shule aliyoombwa kuwa mdhamini wake. Mama akamjibu kwamba iko akilini mwake na rohoni mwake, na kwamba anamwomba awe mdhamini wa kile anachokusudia kujenga. Gamble akakubali.

Pia hakuwasahau walio mbali na mji. Ndani ya misitu ya Florida kulikuwa na kambi za wafanyakazi weusi waliogema utomvu wa misonobari, wengi wakiwa wamefungwa na madeni ya mwajiri wasiweze kuondoka. Aliwapeleka wanafunzi wake kule kufundisha watoto na kusoma Neno. Mwaka 1911, baada ya mwanafunzi wake mgonjwa kupasuliwa katika hospitali ya wazungu kisha akalazwa kwenye baraza la nyuma kwa sababu ya rangi yake, alifungua hospitali ndogo karibu na shule, na mafunzo ya wauguzi pamoja nayo.

Elimu gani inatutosha?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali inaweza kuwatenga weusi na weupe iwapo huduma zitakuwa sawa. Utengano ulitekelezwa, usawa haukutekelezwa. Katika majimbo ya kusini shule za weusi zilipewa pesa kidogo, vitabu vilivyochakaa, na muhula mfupi ili watoto warudi kuchuma pamba. Shule za sekondari kwa weusi zilikuwa chache mno. Tena wafadhili wengi wa kizungu walipenda kutoa pesa kwa mafunzo ya mikono tu: kupika, kufua, kushona, kulima. Walidhani hayo ndiyo yanayowafaa watu weusi.

Weusi wenyewe walibishana. Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, alifundisha kwamba watu wajenge kwanza kwa ufundi na kazi za mikono, na heshima itafuata. W. E. B. Du Bois, msomi mkubwa, alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1903. Alisema kwamba watu wanaonyimwa elimu ya juu na haki ya kupiga kura watabaki chini ya wengine hata wakiwa na ufundi mzuri.

Mama Bethune alipita katikati, na njia yake inafaa tuitazame vizuri. Shule yake ilianza na kazi za mikono, maana wanafunzi walihitaji kula na wafadhili walitaka kuona hivyo. Lakini hakuishia hapo. Aliongeza madarasa ya sekondari, kisha mafunzo ya ualimu. Mwaka 1923 shule yake iliungana na Cookman Institute, shule ya Wamethodisti ya Jacksonville iliyoanzishwa mwaka 1872. Ikawa Bethune-Cookman College, na mwaka 1941 ikakubaliwa kutoa masomo ya miaka minne ya chuo kikuu. Alitaka msichana ajue kushona, na pia ajue kuandika barua ya kudai haki yake.

Wako waliomlaumu. Walisema anawabembeleza matajiri, anawachekea wazungu mno. Lawama hiyo ina uzito, maana anayetegemea mfuko wa mtu hupima maneno yake. Lakini tazameni pia alichokataa. Katika mikutano ya Jumapili shuleni kwake wageni weupe hawakutengewa viti. Walikaa pamoja na weusi, jambo ambalo desturi ya kule ililipinga vikali. Na wakati wazungu walizoea kumwita mtu mzima mweusi kwa jina lake la kwanza kama mtoto, yeye alidai aitwe kwa heshima, Bi Bethune, hata mbele ya mkutano mkubwa.

Usiku wa Ku Klux Klan

Mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura. Florida ilidai kodi ya kura, na watu weusi walitishwa wasijiandikishe. Mama Bethune alizunguka akichangisha pesa za kodi hiyo na kufundisha watu wazima kusoma usiku. Ndipo watu wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi waliovaa mashuka meupe na kuficha nyuso, wakaja shuleni usiku kabla ya uchaguzi kumtisha. Aliamuru taa ziwashwe, akasimama mbele yao, na wasichana wakaimba nyimbo za kiroho. Wale watu wakaondoka. Kesho yake aliongoza watu wake kwenda kupiga kura. Nikisoma habari hiyo namkumbuka Nehemia, aliyejenga ukuta huku maadui wakimzunguka.

Ndani ya serikali

Miaka ya 1930 Marekani ilipatwa na njaa na ukosefu wa kazi. Rais Franklin Roosevelt alianzisha shirika la taifa la kusaidia vijana, lililolipa wanafunzi maskini posho kwa kazi ndogo ili wasiache masomo. Mwaka 1936 Mama Bethune alianza kuongoza sehemu iliyoshughulikia vijana weusi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanzisha Baraza la Taifa la Wanawake Weusi. Alikuwa rafiki wa Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, na aliutumia urafiki huo kwa ajili ya watu wake.

Kazi yake pale inatufundisha namna ubaguzi unavyojificha ndani ya utaratibu. Pesa za shirika zilipitia kwa wakuu wa majimbo, na wakuu wa kusini waliweza kuwasahau weusi bila kuandika neno lolote baya. Kwa hiyo alidai maofisa weusi wawekwe majimboni. Alidai pia mfuko wa pekee kwa wanafunzi weusi wa masomo ya juu, kwa kuwa vyuo vikuu vya kusini havikuwapokea na msaada wa kawaida haukuwafikia. Akaupata. Wengine walisema kuwa na idara ya weusi peke yao ni kukubali utengano. Yeye aliona kwamba kijana aliye na njaa leo hawezi kungoja sheria ibadilike, na huku akiendelea kudai ibadilike.

Mwaka 1945 alikuwa San Francisco kama mshauri wa ujumbe wa Marekani, pamoja na Du Bois, katika mkutano ulioandika mkataba wa Umoja wa Mataifa. Nembo ya Umoja huo tunaiona kila siku kwenye maturubai na magari hapa makazini. Tujue basi kwamba binti wa watumwa alikuwepo ulipozaliwa, akitaka nchi zilizotawaliwa zikumbukwe.

Afrika mwishowe

Januari 1952, akiwa na miaka 76, serikali ya Marekani ilimtuma Liberia kuhudhuria kuapishwa kwa Rais William Tubman. Yule msichana aliyeambiwa kwamba hakuna nafasi kwake Afrika alikanyaga udongo wa Afrika, na Liberia ikamvisha nishani. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Aliuona ushindi huo, akaufurahia katika makala zake za gazeti. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, tarehe 18 Mei 1955, alifariki nyumbani kwake. Alizikwa kwenye uwanja wa chuo alichokianza na masanduku. Chuo hicho kilifanywa chuo kikuu mwaka 2007. Mwaka 2022 sanamu yake ya marumaru iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani kwa niaba ya Florida, mahali ilipokuwa sanamu ya jenerali aliyepigania upande wa wenye watumwa.

Na sisi je?

Wapendwa, sisi si Wamarekani weusi, na historia yetu ni nyingine. Lakini siku moja chini ya mwembe, mgeni mmoja alitueleza wazazi kwamba vijana wetu wakijua cherehani na kutengeneza sabuni inatosha, kwa kuwa ni wakimbizi. Alisema kwa upole, na alikuwa ametuletea vyerehani. Sote tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilirudi nyumbani moyo ukinisuta, kwa sababu cherehani ni baraka, ila neno lile inatosha halikutoka kwetu wala kwa watoto wetu.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkiwa na nafasi moja tu, msimruke binti kwa sababu ni binti. Pili, tuhudhurie mikutano ya wazazi na tuulize: mtoto wangu atafanya mtihani gani, atapata cheti gani, na cheti hicho kitatambuliwa wapi siku tutakaporudi au kuhamishwa? Vyeti hivyo tuvitunze kama tunavyotunza kadi ya mgao. Tatu, wanaojua kusoma wawafundishe wasiojua. Darasa la watu wazima linakutana kanisani Jumanne na Alhamisi jioni, na mabenchi yapo.

Binti yangu amerudi shuleni. Amekaa na watoto wadogo kuliko yeye, na mwanzoni alikuwa akilia. Nilimsimulia habari za Mama Bethune usiku mmoja, kibatari kikiwaka. Aliniuliza kwa nini sikumsimulia mapema. Sikuwa na jibu la kumpa, ndiyo maana nimewaandikia ninyi.

Bwana awabariki na kuwalinda watoto wetu.

Mchungaji wenu